Uso wa Tofali, Mifupa ya Mti: Kuzielewa Nyumba Kongwe za Mtaa wa Kiingereza

Picha za mitaa ya zamani ya miji midogo ya Uingereza husambaa sana mitandaoni, na karibu kila zinapoonekana huzua mabishano yaleyale. Mmoja huona madirisha yaliyozibwa kwa matofali na kueleza kwa uhakika kwamba wenye nyumba walikuwa wakikwepa kodi. Mwingine husoma kwamba nyumba fulani ni ya karne ya 15, kisha huutazama ukuta wake ulionyooka, wenye madirisha makubwa yaliyopangwa kwa ulinganifu, na kuhitimisha kwamba tarehe hiyo imekosewa. Wa tatu, ambaye huenda ni mmoja wa ndugu zetu waliopanga katika nyumba ya namna hiyo, hulalamika kwamba ukuta una unyevu lakini fundi amekataa kuupiga lipu ya saruji. Malalamiko haya yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini chanzo chake ni kimoja: tunaitazama nyumba ya tofali kana kwamba ni tofali tupu kuanzia barabarani hadi uani, ilhali mara nyingi tofali hilo ni vazi lililovishwa mwili wenye umri mwingine kabisa.

Ili maelezo yasielee hewani, nitautumia mtaa mmoja halisi, yaani High Street ya Lewes, mji mdogo wa Sussex, kusini mwa Uingereza, jirani na Brighton. Mtaa huo unaanzia karibu na mto Ouse na kupanda kilima hadi kwenye ngome ya kale, na nyumba zake zimesimama bega kwa bega, nyingi zikiwa na nyuso za tofali jekundu au la kijivu. Mji wenyewe umezungukwa na vilima vya chaki nyeupe, na upande wa kaskazini kuna mabonde mapana ya udongo wa mfinyanzi. Jiografia hiyo ndogo inaeleza karibu kila kitu kilichomo ukutani, kwa sababu udongo huzaa tofali na chaki ikichomwa huzaa chokaa.

Tuanze na maneno. Tofali linalozungumziwa hapa ni tofali la kuchoma: udongo wa mfinyanzi uliokandwa, ukaumbwa katika kalibu ya mbao, ukaanikwa mpaka ukakauka, ndipo ukapangwa katika tanuru na kuchomwa. Tofali lina upande mrefu, ambao nitauita ubavu, na upande mfupi, ambao nitauita kichwa. Mstari mmoja wa matofali uliolala juu ya mwingine mafundi wa kwetu huuita kozi. Namna ambavyo vichwa na mbavu hupishana katika kozi hizo nitaiita mshikano, kwa kuwa ndiyo inayoufanya ukuta ushikane. Na ninapotaja enzi za akina George, nina maana ya kipindi cha kuanzia 1714 hadi 1830, ambapo wafalme wanne waliofuatana wa Uingereza wote walikuwa na jina hilo. Nyuso nyingi za tofali zinazopendwa katika picha ni za kipindi hicho.

Jambo la kwanza linaloshangaza ni kwamba kwa karne nyingi Waingereza hawakutengeneza matofali kabisa. Warumi, walioitawala sehemu kubwa ya kisiwa hicho hadi mwanzoni mwa karne ya 5, walikuwa mafundi hodari wa tofali bapa na pana, lakini walipoondoka ufundi huo ulikufa pamoja na utawala wao. Waliobaki waliokota matofali ya Warumi katika magofu na kuyatumia upya, na hadi leo mnara wa kanisa kuu la St Albans unaonyesha matofali hayo ya kuokoteza. Tofali jipya lilirejea polepole katika Zama za Kati, kwa sehemu kubwa katika maeneo ya mashariki yaliyofanya biashara na nchi za ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini, na kwa muda mrefu lilikuwa anasa ya wakubwa. Kardinali Wolsey alipoanza kujenga kasri la Hampton Court mwaka 1515, tofali jekundu lilikuwa tangazo la utajiri.

Mtu wa kawaida wa mjini alijenga kwa mti. Mafundi seremala walichonga boriti nzito za mwaloni, wakaziunganisha kwa ndimi na matundu yaliyokazwa kwa vigingi vya mbao, wakasimamisha fremu nzima, kisha wakajaza nafasi kati ya miti kwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo. Msomaji aliyewahi kuishi katika nyumba ya kukandika hahitaji maelezo zaidi: kanuni ni ileile, tofauti ni ukubwa wa mti na ukali wa baridi. Katika Lewes bado ipo Bull House, nyumba ya fremu ya mbao iliyo kwenye High Street hiyohiyo, ambamo mwandishi na mwanasiasa Thomas Paine aliishi kuanzia 1768 hadi 1774 kabla ya kwenda Amerika. Ghorofa yake ya juu imejitokeza mbele kidogo kupita ile ya chini, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba za namna hiyo.

Kilichobadilisha mambo ni moto. Mwaka 1666, kuanzia tarehe 2 Septemba, moto uliozuka katika tanuri la mwokaji mikate huko London uliteketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87 kwa siku chache. Sheria ya kuujenga upya mji, iliyopitishwa mwaka uliofuata, iliagiza kuta za nje ziwe za tofali au jiwe, ikazigawa nyumba katika madaraja manne kulingana na ukubwa wake na mtaa zilipo, na ikaweka unene wa ukuta kwa kila daraja kwa kuhesabu matofali. Sheria hiyo ilihusu jiji la London peke yake. Hata hivyo miji mingine ilijifunza, mara nyingi kwa kuungua yenyewe: Northampton mwaka 1675, Warwick mwaka 1694, na Blandford Forum, katika Dorset, tarehe 4 Juni 1731.

Blandford inastahili kusimamiwa kidogo, kwa sababu ndiko anakoweza kwenda mtu anayetaka kuona mtaa wa tofali wa enzi za akina George ulio tofali kwelikweli. Karibu mji mzima uliteketea, na ndugu wawili, John na William Bastard, waliokuwa wajenzi na wasanifu wa hapohapo, ndio walioongoza kuujenga upya. Kanisa lao jipya lilikamilika mwaka 1739. Mwaka 1760 John Bastard alijenga kando ya kanisa kibanda cha mawe chenye nguzo na pampu ya maji, ili moto ukizuka tena watu wasihangaike kutafuta maji, na maandishi yaliyochongwa ndani yake yanamshukuru Mungu kwa kuuinua mji kutoka majivuni. Sidhani kama kuna kumbukumbu ya maafa yenye busara zaidi ya ile inayotoa maji.

Lewes haikuungua kwa namna hiyo, na hapo ndipo utata unapoanza. Mji usioungua ulibaki na nyumba zake za mti, zilizo imara na zenye miaka mingi mbele yake, lakini wenye nyumba, yaani mawakili, wafanyabiashara, madaktari na familia za mashamba zilizopenda kukaa mjini kwa msimu, waliona aibu kuonekana wa kizamani. Kubomoa nyumba nzima kulikuwa gharama kubwa na, kusema kweli, upotevu. Basi wakafanya jambo rahisi zaidi: walijenga ukuta mpya wa tofali mbele ya nyumba ileile. Pale ambapo ghorofa ya juu ilijitokeza, ukuta mpya ulipandishwa kutoka chini ukiwa umesogezwa mbele hadi usawa wa ghorofa hiyo, na chumba cha chini kikapata hatua moja au mbili za ziada. Paa la zamani lenye mteremko mkali lilifichwa nyuma ya ukuta mfupi uliopandishwa kupita usawa wake. Madirisha madogo yaliachwa na mahali pake yakafunguliwa madirisha marefu ya kupandisha na kushusha. Mpita njia akaona nyumba ya 1750, ilhali aliyelala chumbani aliendelea kutazama boriti za 1480.

Kwa hiyo mtu akisema nyumba ni ya karne ya 15 na mwingine akasema ni ya karne ya 18, wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa kitu anachokitazama. Ni kama mtu mzima aliyevaa kanzu mpya ya Idi. Hakuna udanganyifu kwa mtu kuvaa vizuri, ila umri wa kanzu haukwambii umri wa aliyeivaa.

Je, mtu aliyesimama barabarani atajuaje? Dalili zipo, na hakuna hata moja inayotosha peke yake. Tazama kwanza umbali kati ya madirisha ya chini na ya juu: yakiwa yamebanana, dari za ndani huenda ni fupi, na dari fupi ni tabia ya nyumba za zamani. Ukiweza kuona paa, pima kwa macho mteremko wake, kwani paa lililoundwa kubeba nyasi au vigae vya kale huwa limesimama sana. Tazama ulinganifu pia. Wajenzi wa enzi za akina George walipenda mlango uwe katikati na madirisha yalingane kulia na kushoto. Nyumba ambayo imejitahidi kulingana lakini mlango umekaa pembeni kidogo, au dirisha moja limesogea kiganja kizima kutoka mahali pake, inakuambia kwamba ndani kuna nguzo au dohani ambayo fundi hakuweza kuihamisha.

Sasa turudi kwenye tofali lenyewe, kwa sababu lina mengi ya kusema. Mkataba wa kifalme wa mwaka 1571 kwa chama cha mafundi tofali na vigae wa London ulitaja kipimo cha inchi 9 kwa urefu, 4¼ kwa upana na 2¼ kwa kimo. Vipimo hivyo vimesogea huku na huku, lakini si mbali sana, na sababu ni mkono wa binadamu: fundi hushika mwiko kwa mkono mmoja na tofali kwa mkono wa pili, na tofali lisiloshikika kwa mkono mmoja humpotezea siku. Kwa jumla matofali ya kale ni membamba kuliko ya baadaye. Lakini nawaonya wanaopenda kukadiria umri kwa rula kwamba wasanifu wa karne ya 20 walipenda tofali jembamba kwa ajili ya urembo, na ukuta wao unaweza kumlaghai hata mtu mwenye uzoefu.

Rangi huletwa na udongo na moto. Udongo wenye chuma huiva mwekundu, kwa sababu ileile iliyoufanya udongo wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki kuwa mwekundu. Udongo uliochanganywa na chaki huiva wa manjano, na ndiyo asili ya yale matofali ya manjano yaliyojenga sehemu kubwa ya London. Watengenezaji wa matofali hayo walichanganya pia majivu yaliyochekechwa kutoka takataka za nyumba za jiji, ambayo yalibaki na chembechembe za makaa ya mawe, hivyo tofali liliingia tanuruni likiwa limebeba kuni zake lenyewe na kuiva kutoka ndani. Takataka za London zilikwenda Kent kwa mashua, zikarudi London zikiwa nyumba.

Kisha kuna lile tofali la kijivu au buluu linalong'aa, ambalo Lewes inalo kwa wingi na ambalo wageni hudhani limepakwa rangi. Halikupakwa. Tanuru lilipochomwa kwa kuni, mvuke wenye chumvi za majivu uliyagusa matofali yaliyokaa karibu na moto, na kwa kuwa yalipangwa vichwa vikiwa vimeuelekea moto, vichwa ndivyo vilivyoyeyuka juujuu na kupata ngozi ya kioo. Yeyote aliyechoma muhindi juu ya makaa anajua kwamba upande unaoelekea moto haulingani na upande wa pili. Mwanzoni matofali hayo yalikuwa ajali ya uchomaji tu. Baadaye mafundi waliyachambua na kuyatumia kama pambo, wakapanga vichwa vya buluu katikati ya mbavu nyekundu hadi ukuta ukawa kama mkeka wa rangi mbili. Katika Lewes walikwenda mbali zaidi, wakajenga nyuso nzima kwa vichwa vya kijivu peke yake, na kuzungushia madirisha na pembe za nyumba tofali jekundu. Ukuta unaoonyesha vichwa tu hula karibu mara mbili ya matofali kwa eneo lilelile la uso, na jirani aliyepita alijua hivyo.

Hapo tumeshagusa mshikano. Katika mshikano unaoitwa wa Kiingereza, kozi moja ni ya vichwa vitupu na inayofuata ni ya mbavu tupu. Katika ule unaoitwa wa Kifulemi, yaani wa watu wa Flanders, ng'ambo ya bahari, kila kozi ina kichwa, ubavu, kichwa, ubavu, kwa kupokezana. Mshikano wa Kiingereza ndio uliotawala kwanza. Wa Kifulemi ulianza kuonekana katika karne ya 17, na mfano maarufu wa mapema ni nyumba iliyojengwa Kew mwaka 1631, ambayo baadaye iligeuka kasri la kifalme. Kufikia enzi za akina George, wa Kifulemi ndio uliopendwa kwa uso wa nyumba, huku kuta za uani zikijengwa kwa namna yoyote iliyopunguza gharama.

Kazi ya kichwa si pambo. Ukuta wa unene wa tofali moja ni kama godoro lenye tabaka mbili, na kichwa ni uzi unaopenya kutoka tabaka la mbele hadi la nyuma na kuzifunga zisiachane. Ndiyo maana nyumba nyingi za sasa huonyesha mbavu tupu: ukuta wake una kuta mbili nyembamba zenye nafasi katikati, na vifungo vya chuma ndivyo vinavyofanya kazi iliyofanywa na kichwa. Lakini hata hapa uso unaweza kusema uongo. Ukuta mwembamba ulipoongezwa mbele ya fremu ya mbao, mara nyingi haukuwa na nafasi ya kichwa kizima kupenya, na fundi alivunja tofali katikati akaweka nusu yake ili mchoro uonekane umekamilika. Katika nyumba za London za karne ya 18 tatizo hili lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu wajenzi waliokuwa wakikimbizana na faida walijenga ngozi ya mbele kwa matofali mazuri na ya ndani kwa matofali hafifu, wakafunga ngozi hizo mbili kwa vichwa vizima vichache mno. Baada ya miaka mia mbili uso huanza kujitenga na kutokeza kama tumbo. Nalitaja jambo hili kwa sababu wengi huamini kwamba wajenzi wa zamani wote walikuwa waaminifu, na imani hiyo imewagharimu fedha nyingi walionunua nyumba bila kuikagua.

Tazama sasa tao lililo juu ya dirisha katika nyumba bora za wakati huo. Matofali yake ni mekundu sana, laini, na viungo vyake ni vyembamba kama uzi mweupe. Hayo ni matofali ya udongo mwepesi uliochekechwa, yaliyochomwa kwa moto wa wastani makusudi ili yakatike kwa msumeno na kusuguliwa juu ya jiwe hadi kila moja lipate umbo lake la kabari. Yaliunganishwa kwa uji wa chokaa safi, na kiungo kikawa na milimita moja au mbili tu. Wasioweza kulipia kazi hiyo walikuwa na mbinu yao: viungo vipana vilijazwa mchanganyiko wenye rangi ya tofali lenyewe, kisha ukachorwa juu yake mstari mwembamba wa chokaa nyeupe, na kwa mbali ukuta ukaonekana wa kifahari.

Kina cha dirisha nacho kina historia ya kisheria. Sheria ya London ya mwaka 1707 ilipiga marufuku mapambo ya mbao chini ya ukingo wa paa, ndipo ukuta ukapandishwa kulificha paa. Ile ya 1709 iliagiza fremu ya dirisha irudishwe ndani inchi 4 kutoka usawa wa ukuta, na ile ya 1774 ikataka sanduku la fremu lifichwe nyuma ya tofali, yote kwa hofu ya moto kuruka kutoka mbao hadi mbao. Wengi hutumia tarehe hizi kama kalenda: dirisha likiwa sawa na uso wa ukuta, nyumba ni ya kabla ya 1709. Ndani ya London kalenda hiyo inasaidia kiasi. Katika miji ya mbali na London kama Lewes, Farnham au Wisbech haisaidii sana, kwa kuwa sheria hizo hazikufika huko. Kilichofika ni mitindo, na mitindo ilichelewa, wakati mwingine kwa kizazi kizima.

Tukifika kwenye madirisha yaliyozibwa, kodi yenyewe si hadithi ya kubuni. Kodi ya madirisha ilitozwa kuanzia 1696 hadi 1851, na ilikuwa na ngazi, kwa hiyo mtu aliyekuwa na dirisha moja zaidi ya ngazi fulani alikuwa na sababu ya kuliziba. Wapo waliofanya hivyo. Kosa ni kuona kodi katika kila dirisha lisilo na kioo. Wajenzi waliopenda ulinganifu walipokuta kwamba mahali panapotakiwa dirisha kwa nje pana dohani au ngazi kwa ndani, walijenga umbo la dirisha tangu mwanzo, lenye tao lake na kizingiti chake, wakalijaza tofali. Mengine yalipakwa rangi nyeusi na kuchorwa mistari meupe ya fremu ili yafanane na wenzake. Namna ya kutofautisha ni kusogea karibu na kutazama kingo. Matofali ya ndani yakiwa ya rangi moja na ya ukuta na kozi zake zikiungana vizuri na kozi za pembeni, dirisha hilo halikuwahi kufunguka. Yakiwa ya rangi au kipimo kingine, na ukaona mstari ulionyooka wima pande zote mbili, basi liliwahi kuwa na kioo, na bado itakubidi uulize lilizibwa kwa sababu ya kodi au kwa sababu mwenye nyumba alitaka ukuta wa kuegemeza kabati.

Kodi ya pili imezaa uvumi mgumu zaidi kuung'oa. Mwaka 1784 serikali ya William Pitt, ikiwa na madeni ya vita vya makoloni ya Amerika, ilianza kutoza shilingi 2 na peni 6 kwa kila matofali elfu moja, hiyo shilingi ikiwa ndiyo iliyokuja kuipa jina fedha yetu. Baadhi ya watengenezaji walijibu kwa kuumba matofali makubwa, kwa kuwa kodi ilihesabu idadi na si ukubwa. Wa kukumbukwa ni Joseph Wilkes wa Measham, ambaye matofali yake ya kutisha bado yapo katika kuta za mji huo. Serikali ikaja kuyatoza makubwa mara mbili, na kodi yote ikafutwa mwaka 1850.

Sasa, katika Lewes, Brighton na miji mingine ya kusini mashariki kuna nyumba nyingi ambazo uso wake si tofali hata kidogo. Ni vigae vilivyoumbwa kwa hila: kila kigae kina sehemu ya juu iliyopigiliwa msumari kwenye ubao na kufunikwa na kigae cha juu yake, na sehemu ya chini iliyo nene, yenye umbo kamili la kichwa au ubavu wa tofali. Vikishapangwa na viungo kujazwa chokaa, macho hayatambui. Waingereza huviita vigae vya kihisabati. Karibu kila mwelekezi wa wageni husimulia kwamba vilibuniwa ili kukwepa kodi ya matofali, lakini masimulizi hayo yanaanguka kwa tarehe tu: vigae vya namna hiyo vilikuwepo Surrey katika miaka ya 1720, miaka sitini kabla ya kodi, na kodi ya 1784 ilivitoza vigae pia. Sababu ya kweli inaturudisha kwenye mifupa ya mti. Fremu ya mwaloni iliyokwisha kupinda haiwezi kubeba ukuta mzito wa tofali uliotundikwa ubavuni, na ukuta unaosimama wenyewe unahitaji msingi wake na kula sehemu ya barabara. Kigae ni chepesi, hukinga mvua inayosukumwa na upepo wa bahari, na kinaweza kufuata kona za dirisha lililojitokeza. Kule Royal Crescent, Brighton, vigae hivyo vina rangi nyeusi inayong'aa, na hakuna aliyejaribu kuvificha.

Limebaki suala la yule mpangaji na unyevu wake, na hili naliona ndilo lenye madhara makubwa zaidi likieleweka vibaya. Saruji ya Portland, ambayo hati yake ya ubunifu ilipewa Joseph Aspdin wa Leeds mwaka 1824, haikuwamo katika kuta hizi. Zilijengwa kwa chokaa na mchanga. Chokaa hugeuka jiwe polepole kwa kuvuta hewa, hubaki laini kiasi na hupitisha mvuke. Mvua inayoingia ukutani hupata njia ya kutokea kupitia viungo. Ukiziba viungo hivyo kwa saruji ngumu, maji hulazimika kutokea kupitia tofali, yakiacha chumvi ndani yake, na baridi ikija yanaganda na kutanuka hadi uso wa tofali unabanduka vipande vipande. Ni tofauti ya shati la pamba na koti la nailoni kwa mtu anayetoka jasho. Nguvu ya saruji ndiyo ubaya wake hapa, kwa sababu kiungo kinapaswa kuwa dhaifu kuliko tofali: kiungo kilichochakaa hukwanguliwa na kujazwa upya baada ya miaka mingi, lakini tofali lililobanduka halirudi. Wazee wetu waliochoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar walijenga kuta zinazopumua vivyo hivyo, na mafundi wanaozikarabati kuta hizo leo wanapigana na saruji ileile.

Yule fundi aliyekataa kupiga lipu, basi, huenda alikuwa akiilinda nyumba, na huenda alikuwa akijilinda mwenyewe pia. Chini ya mfumo uliotokana na sheria za miaka ya 1940, majengo yenye thamani ya kihistoria huingizwa katika orodha ya kitaifa kwa madaraja matatu, na zaidi ya tisa katika kila kumi yako katika daraja la chini la hayo. Watu wengi hudhani kwamba orodha hulinda uso wa mbele peke yake, na kwamba nyuma na ndani mwenye nyumba anaweza kufanya apendavyo. Sivyo. Ulinzi unalihusu jengo zima, nje na ndani, pamoja na ngazi zake, boriti zake na hata nyongeza za baadaye, na kulibadilisha kwa namna inayogusa sura yake bila kibali ni kosa la jinai. Kwa nyumba zilizoelezwa hapa utaratibu huo una maana kamili, kwa kuwa kilicho adimu zaidi mara nyingi ndicho kisichoonekana kutoka barabarani.

Anayepata nafasi ya kufika Lewes asiishie High Street. Kati ya nyumba hizo hupita vichochoro vyembamba vinavyoshuka kilima, ambavyo wenyeji huviita twitten. Ukiingia katika kimojawapo na kugeuka nyuma, huenda ukaona ubavu wa nyumba uliyokuwa ukiisifu dakika moja iliyopita: tofali jekundu linakunja kona kwa hatua moja, linakoma, na baada yake kuna ukuta wa jiwe gumegume lililookotwa vilimani, au lipu iliyovimba juu ya fito, au nguzo ya mwaloni iliyoinama ambayo hakuna aliyeona haja ya kuivalisha.